Siku ya Vimondo Ingoje Giza

Kila tarehe 30 Juni dunia huadhimisha Siku ya Vimondo, na Nyanda za Juu Kusini zina haki ya kuiita siku yao. Kwenye kilima cha Marengi, kijijini Ndolezi wilayani Mbozi, limekaa bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16. Lilitoka angani zamani mno, hata hakuna simulizi la mababu linaloeleza lilivyoanguka. Wataalamu wa nje walilijua mwaka 1930, mpima ardhi W. H. Nott alipolitolea taarifa; wenyeji walikuwa nalo siku zote. Leo linatunzwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na siku ya vimondo inapofika watu hukusanyika papo hapo, mbele ya mwenye siku.

Tatizo ni saa. Shughuli za namna hii nchini kwa kawaida ni za mchana: turubai, viti vya plastiki, mgeni rasmi, risala, kwaya, ngoma, chupa za maji, na ikigonga saa kumi magari yameshageuza. Jua linapozama na mbingu iliyomleta mgeni wa chuma inapofunguka, uwanja umebaki na mbuzi. Sikukuu ya mambo ya angani inakwisha kabla anga halijaonekana.

Isogezwe usiku, basi, na iende na muziki. Tena iende na muziki wa aina ambayo Watanzania wengi hawajapata kuisikiliza mwanzo hadi mwisho: roki ya progresivu, ile ya nyimbo za dakika ishirini. Wazo hili linaweza kuonekana limeokotwa Ulaya na kuletwa Nyanda za Juu Kusini bila kupimwa. Lakini mizizi yake iko karibu kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na mmoja wa walioibuni siku yenyewe. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, ni mmoja wa waanzilishi wa Siku ya Vimondo, pamoja na mwanaanga wa Apollo 9, Rusty Schweickart, na mtengeneza filamu Grigorij Richters. Iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Walichagua 30 Juni kwa sababu tarehe hiyo, mwaka 1908, kitu kutoka angani kilipasuka juu ya Tunguska, Siberia, kikalaza msitu wa kilomita za mraba zipatazo 2,000. Umoja wa Mataifa uliitambua siku hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo mgeni rasmi anapopanda jukwaani Ndolezi anahutubia katika sikukuu ambayo mwanamuziki wa roki alishiriki kuibuni, na pengine hakuna aliyemdokeza.

May hakujipachika kwenye sayansi kwa sababu ya umaarufu. Mwaka 1970, kabla Queen haijajulikana, alianza masomo ya uzamivu Imperial College, London, akichunguza vumbi lililotanda katikati ya sayari, akaenda kupima nuru yake katika kituo cha Teide, kisiwani Tenerife. Bendi ilipoanza kushika kasi, mwaka 1974, aliiweka tasnifu kando. Aliirudia baada ya miaka zaidi ya thelathini, akapata shahada yake mwaka 2007. Katikati ya safari hiyo aliandika '39, wimbo uliomo katika albamu ya A Night at the Opera ya mwaka 1975, unaohusu wasafiri wa angani wanaorudi nyumbani baada ya mwaka mmoja kwa hesabu yao na kukuta karne imepita. Hiyo ni fizikia ya Einstein, imewekwa ndani ya wimbo ambao mtoto anaweza kuuimba.

Mbele ya jukwaa la Queen alisimama mtoto wa Unguja. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, baba yake Bomi akiwa karani wa fedha katika utumishi wa kikoloni. Alipelekwa kusoma India, akarudi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Feltham, pembeni mwa London. Dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Tarehe 5 Septemba 2016, siku ambayo angetimiza miaka 70, asteroidi nambari 17473, iliyogunduliwa mwaka uleule aliofariki, 1991, ilitangazwa kupewa jina lake. Nambari 52665 ni ya May. Mzaliwa wa Zanzibar, kumbe, anazunguka jua kati ya mawe yaleyale ambayo Siku ya Vimondo imewekwa kwa ajili yake, na hotuba za mchana hazina habari naye.

Wanaomjua Mercury kwa nyimbo za viwanja vya mpira hawajamjua wote. Queen II, ya mwaka 1974, na The Prophet's Song, yenye zaidi ya dakika nane, ni kazi za bendi iliyokuwa ikitembea bega kwa bega na watu wa progresivu. Hata Bohemian Rhapsody, iliyokaa kileleni Uingereza wiki tisa, haina kiitikio na imebeba opera katikati. Wapo wabishi watakaosema Queen si progresivu halisi. Wana haki ya kubisha, ila wasikilize kwanza upande wa pili wa Queen II.

Mbozi ibaki na mchana wake. Usiku hauna mwenyewe, na wilaya ya Rungwe inaweza kuudai.

Kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, haihusiani na Bagamoyo ya pwani, ile ya magofu ya Kaole na bahari. Hii ni Bagamoyo ya migomba na masweta, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mlima Rungwe, wenye urefu unaokaribia mita 3,000, umesimama juu yake. Mji una taa, lakini si nyingi. Mwanga mwingi umefuata barabara kuu itokayo Uyole kwenda Kasumulu. Anayeiacha nyuma na kuteremkia mashambani kwa miguu hachukui muda kulikuta giza la kweli. Huu ndio mji uliotoa Tukuyu Stars, timu iliyochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1986 na kuwaacha vigogo wa Dar es Salaam wakiulizana Tukuyu iko wapi. Nyota za juu kwao hazijawahi kushuka daraja.

Mwenyeji yeyote atapinga hapo hapo kwamba Tukuyu ni mji wa mvua, na atakuwa amesema kweli. Hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mtu aliyefika Machi anaweza kuapa kwamba wilaya hii haina nyota hata moja. Ndiyo maana chai inastawi Katumba na Mwakaleli. Lakini mvua inapopungua, kuanzia Juni, mbingu hufunguka, na hewa ya huku juu ni safi kuliko ya pwani. Ukungu bado hushuka mlimani bila hodi, na mwisho wa kiangazi moshi wa mashamba huongeza kazi. Mtazama nyota wa Rungwe hujifunza kutoahidi.

Usiku ukikubali, hesabu yake ni hii. Mwisho wa Juni jua linazama Tukuyu yapata saa 12 na nusu jioni, na kabla ya saa mbili usiku giza limekamilika. Kwenye saa tatu, anayetazama kusini anaiona Rijili Kantori imesimama mbele yake, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini: jirani wa jua letu, mwenye umbali wa miaka ya nuru isiyofika minne na nusu. Kulia kwake kundi la nyota la Salibu limeinama. Kushoto kundi la Nge limepanda na moyo wake mwekundu. Saa sita usiku kitovu cha Njia Nyeupe, kilicho mbali miaka ya nuru takriban 26,000, kinapita karibu na utosi, kikielemea kusini kidogo. Kilimia, ambacho wakulima hukitumia kutegea mvua, hakionekani hadi karibu na alfajiri.

London, kitovu hicho hakipandi zaidi ya nyuzi kumi kutoka upeo wa macho, kwenye vumbi na taa za mji. Salibu haionekani kabisa, mwaka mzima. Waliotunga muziki wa anga walitunga chini ya mbingu fukara kuliko ya Bagamoyo ya Tukuyu, na May ilimbidi asafiri hadi kisiwa cha baharini ili apate giza la kufanyia utafiti. Ambacho wao walikifuata kwa ndege, mkulima wa ndizi wa Rungwe anakipata akitoka kufunga banda la ng'ombe.

Sasa kuhusu urefu wa nyimbo, maana hapo ndipo hoja yote imelala. Jicho la binadamu likitoka kwenye mwanga huhitaji dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza. Mboni hupanuka haraka, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa inafanywa na seli zinazohisi mwanga hafifu, ambazo zinajijaza upya taratibu kemikali iliyounguzwa na mwanga. Katika dakika tano za kwanza mtu huona nyota kubwa tu na kudhani ameona yote. Katika dakika ya ishirini anaanza kuona mabaka meusi ndani ya Njia Nyeupe. Akiwasha simu kusoma ujumbe wa kikundi cha harusi, anarudi mwanzo.

Na nyimbo? Upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba dakika ishirini na kitu, na wanamuziki wa progresivu waliona hiyo ndiyo nafasi ya wimbo mmoja. Echoes ya Pink Floyd, ya mwaka 1971, inapita dakika 23. Supper's Ready ya Genesis, ya 1972, inakaribia 23 pia. Close to the Edge ya Yes, ya mwaka huohuo, ina karibu 19. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini kipimo cha santuri na kipimo cha jicho vimekutana. Anayewasha Echoes, akaifukia simu mfukoni na kulala chali kwenye blanketi, wimbo ukimalizika atakuwa amepata macho mapya. Anayesikiliza nyimbo za dakika tatu atakuwa ameishika simu mara saba, na mara zote saba imemmulika usoni. Hili si kosa la Bongo Fleva, iliyotengenezwa kwa ajili ya daladala, harusi na ukumbi, ambako hufanya kazi yake vizuri sana.

Muda si kitu pekee. Nyimbo hizi huanza polepole, mara nyingine kwa sauti moja ya kinanda inayorudiwa, na dakika kadhaa hupita bila jambo kubwa kutokea. Mabadiliko huja yakiwa yameshaingia kabla msikilizaji hajayatambua. Anga nalo ndivyo linavyotembea. Katika dakika 23 nyota iliyoko utosini imesogea karibu nyuzi sita, yaani zaidi kidogo ya upana wa vidole vitatu mkono ukiwa umenyooshwa. Hakuna anayeiona ikienda. Mtu hugutuka tu kwamba imekaribia tawi la mparachichi ambalo mwanzo ilikuwa mbali nalo.

Kwa asiyejua, roki ya progresivu ilichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana waliokulia kwenye roki walipochoka na wimbo wa beti mbili na kiitikio. Wakachukua mpangilio wa muziki wa okestra, midundo ya jazi, vinanda vya umeme vilivyokuwa vipya wakati huo, na hesabu za mapigo zinazomvuruga mchezaji: Money ya Pink Floyd, kwa mfano, inakwenda kwa mapigo saba. King Crimson walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1969. Anga lilikuwa mada yao tangu mwanzo, kwa kuwa ndiyo miaka ya safari za mwezini. Pink Floyd walitoa Astronomy Domine mwaka 1967, na Julai 1969, Apollo 11 ilipotua mwezini, walikuwa studio ya BBC wakipiga papo kwa papo katika kipindi cha televisheni kuhusu tukio hilo. Rush wa Kanada waliandika Cygnus X-1 mwaka 1977, kuhusu shimo jeusi. The Dark Side of the Moon, ya 1973, licha ya jina lake haihusu mwezi. Inahusu muda, fedha, kifo na wazimu. Hata hivyo dakika zake 43 zisizokatika zinafaa nje usiku kuliko nyimbo nyingi zilizoandikwa makusudi kuhusu nyota.

Kuna watakaosema huo ni muziki wa Wazungu na kwamba sikio la Kitanzania halina subira ya namna hiyo. Hoja hii ni dhaifu, na inayoidhoofisha ni taarabu. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, kilirithi utaratibu wa kufungua onyesho kwa bashrafu, kipande cha ala tupu ambacho hakina haraka ya kumfikisha mwimbaji kwenye kipaza sauti. Mashabiki wa Umm Kulthum pwani nzima waliketi mbele ya redio kwa wimbo mmoja wa karibu saa nzima. Na dansi? Wimbo wa Mlimani Park Orchestra huanza kwa kisa, ukaenda mwendo wa kusimulia, kisha ukaingia chemko ambako magitaa yanaachiwa uwanja. Muundo wa wimbo mrefu wenye sehemu, ambao Ulaya waliona ni mapinduzi, hapa ulikuwa mambo ya Jumamosi jioni. Tulichopoteza ni mazoea, na mazoea hayo yalipotea juzi tu.

Roki yenyewe nayo ilifika mlangoni. Ng'ambo ya Tunduma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wa Zambia waliufanya muziki ambao sasa unaitwa Zamrock: magitaa yenye mkwaruzo, ngoma nzito, mashairi ya Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. WITCH waliongozwa na Emmanuel Chanda, aliyeitwa Jagari. Amanaz walitoa albamu ya Africa mwaka 1975. Ngozi Family, chini ya Paul Ngozi, wana jina ambalo mtu wa Rungwe hawezi kulisikia bila kulikumbuka Ziwa Ngozi, lile la kreta lililoko msituni, ingawa majina hayo hayahusiani. Si progresivu kwa kanuni za Kiingereza; ni kavu zaidi, na kwa usiku wa nje wakati mwingine ni bora zaidi. Kisha bei ya shaba ikaporomoka, uchumi ukafuata, na miaka iliyokuja UKIMWI ukawachukua wengi wa wanamuziki hao. Chanda akaingia kwenye uchimbaji wa vito. Miongo kadhaa baadaye wakusanyaji wa santuri wa Marekani na Ulaya walizichapisha upya zile albamu, na mzee akarudi jukwaani. WITCH ilitoa albamu mpya, Zango, mwaka 2023.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na Sunburst, bendi ya Watanzania na wenzao wa nchi jirani, waliochanganya roki, soul na midundo ya nyumbani. Albamu yao, Ave Africa, ya mwaka 1976, ilirekodiwa Zambia. Ndio mwaka ambao reli ya TAZARA, inayopita Mbeya, ilikabidhiwa rasmi kwa nchi hizo mbili. Kati ya mamia ya vijana wa leo wanaovaa fulana za bendi za nje, ni wachache waliowahi kusikia jina la Sunburst. Kupanga usiku wa nyota Tukuyu bila kuwapiga hao, ukakimbilia Pink Floyd peke yao, litakuwa ni kosa la ladha na la historia kwa pamoja.

Liko jambo jingine linaloliunganisha anga la Rungwe na tasnifu ya May, nalo halihitaji darubini. Baada ya jua kuzama kabisa, katika usiku usio na mwezi, upande wa magharibi hubaki mwanga mweupe hafifu uliosimama kama pembe, mpana chini na mwembamba juu. Wengi hudhani ni taa za mji wa mbali. Ni lile vumbi la katikati ya sayari, masalia ya nyotamkia na ya asteroidi zilizogongana, likiakisi jua. Katika nchi za ikweta pembe hiyo husimama wima zaidi, ndiyo maana huonekana vizuri kuliko Ulaya. Kabla ya alfajiri hutokea tena mashariki, na Waislamu wameijua kwa karne nyingi: ndiyo alfajiri ya uongo, ambayo vitabu vya sheria huonya mfungaji asiichukue kuwa mwisho wa daku, kwa kuwa husimama wima badala ya kutanda kwenye upeo. Msikiti wa kijijini na Imperial College walikuwa wakilitazama vumbi lilelile. Na bonge la Ndolezi ni ndugu mkubwa wa vumbi hilo, aliyefika chini akiwa mzima.

Wapinzani wa muziki nyakati za usiku wana neno, na lisipuuzwe. Wapo wanaoamini nyota zitazamwe kimya. Spika kubwa shambani ni adhabu kwa jirani anayeamka saa kumi kukamua ng'ombe, na Tanzania imeshapata spika za kutosha. Basi sauti iwe ya chini, inayoishia kwenye duara la walioketi, au kila mtu na hedifoni zake. Ukimya uachwe kati ya wimbo na wimbo, uwe wa makusudi. Mtu akitaka kimya tangu mwanzo hadi mwisho asogee mita hamsini, anga halijai.

Wasiwasi wa usalama ni mkubwa zaidi. Mzazi wa Tukuyu hatamruhusu binti yake kutoka saa tatu usiku kwa sababu gazeti limesema Njia Nyeupe inapendeza. Lakini nchi hii inajua kukesha. Mwenge wa Uhuru unapolala wilayani, watu hukesha uwanjani kwa muziki hadi kunapambazuka, na vyombo vyote vya dola vipo. Makanisa yana mikesha, maulidi husomwa hadi usiku mkubwa. Wamoraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891, walikuja na utamaduni wa tarumbeta, kwa hiyo ala kubwa zikipigwa nje si kitu cha kumshtua mtu wa wilaya hii. Kinachokosekana ni uamuzi kwamba nyota nazo zinastahili mkesha.

Umati utatoka? Mkoa wa Mbeya umeshajibu. Tarehe 1 Septemba 2016 mwezi ulipolifunika jua na kuacha pete ya mwanga, eneo zuri la kutazamia lilikuwa Rujewa, wilayani Mbarali, na watu walimiminika kwa mabasi, pikipiki na miguu, wanafunzi wakiwa na miwani maalumu. Wasomi wa elimu ya nyota, akiwemo Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, walikuwa wameshawaelimisha wananchi kabla ya siku hiyo. Pete ilidumu dakika chache. Kitovu cha Njia Nyeupe hupita juu ya Tukuyu kwa saa nyingi za usiku, miezi mitatu mfululizo, na hakuna basi lililowahi kukodiwa kwa ajili yake.

Mpango hauhitaji fedha nyingi. Uwanja wa shule ya sekondari, mikeka, mablanketi, chupa za chai ya Rungwe yenyewe, mwalimu wa fizikia mwenye tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu ili isiharibu macho ya watu, na spika moja ndogo. Umeme ukikatika, kwa mara ya kwanza mwaka huo watu watashukuru. Wafungue kwa Sunburst wakati mwanga wa jioni unaisha, watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa na watoto wakikimbia. Giza likitimia waweke Echoes, mwalimu anyamaze na simu zote zifichwe. Kisha maelezo ya Rijili Kantori na Salibu, maswali, kikombe cha pili cha chai. '39 na kisa chake vifuate hapo, pamoja na habari za Mercury na asteroidi yake. Watoto wakishachukuliwa nyumbani, watakaobaki wapewe The Dark Side of the Moon nzima wakisubiri saa sita.

Kalenda ndiyo ya kuangalia kwa makini, kwa sababu 30 Juni haibadiliki lakini mwezi hubadilika. Mwaka 2026 mwezi mpevu unaangukia usiku wa kuamkia tarehe hiyohiyo, na mbalamwezi itafuta nyota nyingi pamoja na pembe ya vumbi. Mwaka huo usiku wa muziki ungefaa kusogezwa hadi katikati ya Julai, mwezi unapoandama. Mwaka 2027 mambo ni mazuri: 30 Juni itakuwa siku chache kabla ya mwandamo, mwezi mwembamba utachomoza usiku ukikaribia kwisha, na giza la tangu saa mbili litakuwa lote la watazamaji. Halmashauri ina muda wa kutosha. Orodha ya nyimbo ni kazi ya jioni moja. Kibali cha kuzima taa za uwanja ndicho cha kuanza kuombwa sasa.